Viatu Vinavyogeuzwa

Aliyeanza kulalamika ni Teng, mlinzi wa Nyumba ya Mkuu wa Wilaya, na Kimlan hakumtilia maanani, kwa sababu Teng alikuwa mtu wa malalamiko. Mvua ikinyesha analalamika, jua likiwaka analalamika, na kuna siku alilalamika kwamba popoo aliyonunua ilikuwa tamu mno.

"Dada Kimlan, nakwambia kuna mtu anapanga viatu humu ndani," alisema asubuhi hiyo, ameegemea kibanda cha Kimlan nje ya geti, shavu limetuna kwa tambuu. "Wageni wanavivua pale kwenye jiwe hovyo hovyo, kimoja kimelala, kingine kimepinduka. Nikigeuka kidogo nikirudi, vyote viko mstari mmoja, vidole vinatazama mlango wa mbele."

"Basi shukuru. Kazi inafanywa na mwingine na sifa unapata wewe."

"Sitanii."

"Kaka Teng, ulikuwa tarishi maisha yako yote, ukipeleka barua za watu kwenye nyumba zisizo zao. Leo ndiyo umepata macho ya kuona viatu?"

Teng akatema mate mekundu kwenye kikombe chake cha karatasi, akachukua kibakuli cha mkate wa mchele uliopikwa kwa mvuke, akamiminiwa mchuzi wa kitunguu saumu, akaenda zake akiwa amenuna. Kimlan alicheka mpaka mteja aliyefuata akacheka naye bila kujua sababu.

Nyumba yenyewe kila mtu pale Namkhe aliijua. Wajapani waliijenga enzi walipokuwa wakitawala kisiwa, na ni kama waliijenga watu wawili wasiosalimiana. Nusu ya mbele ni ya Kizungu: matofali mekundu, nguzo nene, dirisha la duara, na sebule yenye viti vya mahameli na meko ya ukutani, katika mji ambao hata bata hutoka jasho. Nusu ya nyuma ni ya Kijapani: mbao, mikeka minene ya nyasi, milango ya karatasi ya kusukuma, na baraza linalotazama bustani. Mbele Mkuu wa Wilaya alivaa buti na kupokea wageni. Nyuma alivua buti, akaketi sakafuni, akala samaki wake kama mtu wa kwao. Nusu hizo mbili zinakutana kwenye jiwe pana la kuvulia viatu, na kando ya jiwe limesimama kabati la viatu la mbao nyeusi, ambalo siku hizi limezibwa kwa kioo na kufuli, maana nyumba yote sasa ni ya maonyesho. Hata kengele ndogo ya shaba ya kuitia watumishi, iliyoko mezani sebuleni, waliing'oa ulimi, watoto wa wageni wasije wakaipiga mlinzi akapata wazimu.

Kimlan alidhani anamjua mgeuza viatu. Alikuwa mama yake.

Mama yake aliitwa Bongchi. Maana ya jina hilo ni "tumlee tu", na hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa siku ambayo watu wote walikuwa wamejiandaa kumpokea wa kiume. Alipokuwa bado binti mdogo walimpeleka kutumika katika nyumba ile ile. Mke wa Mkuu wa Wilaya, ambaye watumishi walimwita Bibi, akasema jina hilo linamkwama kooni, akambatiza Kiyo, akampa kazi mbili: chai na viatu. Mgeni akiingia na kuvua viatu, Kiyo anapiga magoti, anavifuta, anavigeuza vielekee mlangoni, ili mgeni akitaka kuondoka aingize mguu tu na kwenda. Sasa Bongchi alikuwa kikongwe, kichwani mwake mawingu yanakuja na kuondoka, na tangu nyumba ifunguliwe tena kwa watu alikuwa akienda kila mchana kukaa kwenye mikeka ya nyuma, kimya, mikono mapajani. Siku zote aliingia kwa mlango wa jikoni, mlango wa watumishi. Teng alishamwambia mara nyingi apite mlango wa mbele kama watu wengine. Bongchi alikuwa akimtazama kana kwamba amemwambia apite kwenye bomba la moshi.

Jioni ile Kimlan alimwuliza, akimsugua miguu kwa maji ya tangawizi.

"Mama, ni wewe unayegeuza viatu vya watu kule?"

"Viatu gani?"

"Vya wageni, pale kwenye jiwe."

"Mimi nimeacha kazi hiyo," Mama alisema. "Mwambie Bibi atafute mwingine."

Kimlan akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu Mama aliinua kichwa, akatega sikio upande wa dirisha, akajibu kwa Kijapani kitu ambacho Kimlan alikuwa ameshakijua kwa kukisikia mara nyingi mno: Naam, naja.

"Unamjibu nani?"

"Kengele inalia. Wewe umeziba masikio?"

Kulikuwa na mlio wa pikipiki mbali barabarani, na mbwa wa jirani. Basi.

Daktari wa zahanati alikuwa ameshasema lake: moyo umechoka, hakuna dawa ya uzee, kaeni karibu. Na Mama naye alikuwa ameshasema lake, siku ambayo kichwani hakukuwa na wingu hata moja. "Nikifika mwisho, nirudishe nyumbani ningali na pumzi. Hata moja. Nilaze ukumbini mbele ya vibao vya majina ya mababu. Usiniache nikatike kwenye nyumba ya watu." Kimlan aliapa. Hakuna mtu wa Namkhe ambaye asingeapa. Anayekata roho nje haingizwi tena mlangoni. Mwili utazikwa, lakini roho itabaki palepale ilipoangukia, haitajua njia, na kila mwezi wa saba, mwezi wa mizimu, itakula barabarani pamoja na wale tunaowaita Ndugu Wema, ambao tunawaita hivyo kwa kuwa hatuthubutu kuwaita vingine. Kimlan alikuwa amefiwa na mume, amefilisika mara mbili, na gari la samaki lilishampitia kwenye vidole vya mguu. Mambo mengi maishani aliyapokea kwa mzaha. Hili hakulifanyia mzaha.

Na mwezi wa saba ulikuwa umeingia.

Wiki hiyo Mama alishikwa na homa, akalala nyumbani, miguu imevimba kama viazi vitamu. Jirani alikaa naye asubuhi ili Kimlan auze. Teng akatokea kibandani. Safari hii hakuegemea kitu.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kitandani, anamtukana jirani. Anaendelea vizuri."

"Hajatoka leo?"

"Kaka, yule hata chooni anasindikizwa."

"Viatu vimegeuzwa," Teng alisema. Hakuwa na tambuu mdomoni. Kimlan hakukumbuka kama aliwahi kumwona bila tambuu, na meno yake yalionekana uchi.

"Kuna mgeni mstaarabu. Wanatokea."

"Njoo basi ujionee."

Alikwenda, akiwa amefunga aproni yake, kwa sababu mtu akikutia shaka moyoni saa nne ya asubuhi ni bora umalize jambo hilo kabla ya wateja wa mchana. Alipanda ngazi, akapita mlango wa mbele katikati ya nguzo, akapita sebule ya mahameli. Hakukuwa na mtu. Pale kwenye jiwe alivua kandambili zake za kijani, moja akaitupa kifudifudi, nyingine akaisukuma kwa mguu mpaka ukutani, kwa makusudi kabisa, kama mtoto aliyekosa malezi. Visigino vilikuwa na tope la sokoni. Kisha akaenda kuketi kwenye mikeka, mahali anapoketi mama yake.

Nyumba ilinuka nyasi kavu na jua. Huko nje nyenje walikuwa wakipiga kelele kama kikaango. Ghafla wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Kutoka upande wa jiwe ukaja mlio mdogo: goti likigusa mbao. Halafu goti la pili.

Kimlan hakusimama. Baadaye alipomsimulia Teng alisema alikuwa anapumzisha mgongo. Nyenje walipoanza tena, alirudi kwenye jiwe. Kandambili zake zilikuwa zimekaa sambamba, vidole vikitazama mlango wa mbele. Lile tope la visiginoni lilikuwa limefutwa, na plastiki ilikuwa bado na unyevu.

"Umeona?" Teng alinong'ona kutoka sebuleni.

"Nimeona. Nitamletea na viatu vya mvua, vimenishinda kusafisha."

Siku chache zikapita. Homa ya Mama ikashuka, uvimbe ukapungua, akala uji mpaka akaomba tena. Kimlan akafurahi, na furaha ikamfanya mzembe. Mchana mmoja watalii wa basi zima walimzonga kibandani, kila mmoja anataka mchuzi mwingi na kitunguu kidogo, na alipoinua macho, kile kigoda alichomkalishia Mama kilikuwa kitupu.

Hakuhitaji kuuliza. Alimkuta ndani, kwenye mikeka, mikono mapajani.

"Mama, twende. Daktari alikataza kutembea."

"Nangoja kuitwa."

"Ushaitwa, na mimi. Viatu viko wapi?"

Mama alikuwa na mazoea ya kuacha ndala zake za kitambaa kwenye kizingiti cha jikoni. Hapo kizingitini hapakuwa na kitu. Kimlan alitafuta chini ya meko ya jikoni, barazani, bustanini. Teng naye akatafuta. Ndiye aliyeziona, na alipoziona aliita jina la Kimlan bila kuongeza "Dada", jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Zilikuwa ndani ya kabati la viatu. Nyuma ya kioo. Zimepangwa kwenye rafu ya chini kabisa, sambamba, na kufuli limening'inia mahali pake kama lilivyofungwa siku ya ufunguzi.

"Ufunguo uko kwako?" Kimlan aliuliza.

"Uko shingoni kwangu. Usiku nalala nao."

"Fungua."

"Mkono hautulii."

"Basi utumie mwingine, Kaka, huna miwili?"

Teng alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto. Ufunguo uliingia mpaka mwisho, lakini haukuzunguka.

Mama alikuwa amewafuata, akikanyaga polepole na soksi zake. Aliwatazama wote wawili kwa huruma, kama wanagenzi walioanza kazi leo.

"Mnasumbuka nini? Viatu vya mgeni vinageuziwa mlango. Vya watu wa humu vinawekwa kabatini," alisema. "Mtu wa humu aende wapi?"

Kimlan alimshika mama yake mgongoni na Teng akamshika bega, wakamwongoza kuelekea jikoni, peku, viatu watavifuata siku nyingine. Mama alikuja bila ubishi. Lakini mguu wake ulipofika juu ya kizingiti cha jikoni, pumzi ikamkata. Haikuwa kikohozi wala kilio, ilikatika tu kama bomba lililofungwa. Midomo ikageuka rangi ya zambarau. Walipomrudisha ndani hatua moja, akavuta hewa, akafumbua macho, akasema, "Chai ya Bibi itapoa."

Wakajaribu tena. Ikawa vilevile, na safari hii pumzi ilichelewa kurudi.

"Naita gari la hospitali," Teng alisema, jasho linamtiririka.

"Wakija watampitisha mlango upi? Atafia mikononi mwao hapo hapo kizingitini, na atabaki humu humu." Kimlan aliketi sakafuni. Alimlaza mama yake kichwa mapajani. Mapigo ya shingo yalikuwa madogo na ya harakaharaka, kama ya kifaranga. Muda haukuwa mwingi. "Mama. Nisikilize. Ulipoacha kazi hapa, ulimuaga nani?"

Macho ya kikongwe yalizunguka darini. Kisha yakatulia, wingu lilikuwa limepita.

"Wajapani walishindwa vita," alisema. "Tukaambiwa wanarudi kwao. Bibi alikuwa anafunga mizigo chumbani. Akaniambia, Kiyo, weka viatu kabatini, halafu ngoja, nitakuita. Nikaanza kuvipanga. Mara nikasikia ngoma barabarani, watu wanacheza, simba wa kitambaa wametolewa. Nikatoka kwa mlango wa jikoni kwenda kuangalia."

"Halafu?"

"Nikaangalia."

"Hukurudi?"

"Ngoma ilikuwa nzuri, mwanangu."

"Hakukupa ruhusa? Hukuaga?"

"Sikuaga. Ningemuaga nani, alikuwa na hasira na masanduku."

Teng aliguna. Kimlan aliwaza, na aliwaza haraka, kwa namna ya mtu ambaye maisha yamemfukuza mara nyingi na kila mara akatafuta uwazi kwenye ua. Mtumishi haondoki mpaka aruhusiwe. Waliokuwa na mamlaka ya kumruhusu walishakufa zamani, ng'ambo ya bahari. Ruhusa hiyo haipo tena duniani. Lakini mgeni haombi ruhusa. Mgeni hunywa chai, hushukuru, hupita mlango wa mbele, na nyumba yenyewe humgeuzia viatu.

"Kaka Teng, mnyanyue miguu. Tunampeleka sebuleni."

"Sebuleni kuna kamba! Kwenye vile viti hata Meya hakai."

"Meya hana mama anayekufa leo."

Wakambeba. Teng aliiruka kamba akanaswa unyayo, akatukana, akaomba radhi, haikujulikana kwa nani. Wakamketisha Bongchi kwenye kiti kikubwa kuliko vyote, cha mahameli ya rangi ya damu ya mzee, mbele ya meko ambayo haijawahi kuwashwa. Alionekana mdogo mno. Aliitazama mikono yake kana kwamba imeletwa na mtu mwingine.

"Niiweke wapi?" aliuliza.

"Huku na huku, juu ya kiti. Kama mke wa waziri."

"Bibi ataniona."

"Na akuone. Wewe ni mgeni." Kimlan akasimama katikati ya sebule. Hakuwahi kuongea na nyumba, ingawa aliwahi kuongea na jokofu. Akapaza sauti. "Huyu ni Bi Bongchi, mjane wa ukoo wa Siau, wa mtaa wa kisima. Amekuja kuwatembelea. Atakunywa chai, halafu ataondoka."

Kule nyuma, mlango mmoja wa karatasi ulisogea kidogo kwenye njia yake, kiasi cha upana wa jicho.

Teng alikuwa na chupa ya chai kwenye meza yake ya getini. Alikimbia akaileta pamoja na kikombe. Kimlan akapiga magoti mbele ya mama yake, akamimina, akainua kikombe kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mpaka nywele zikagusa zulia. Mama akaonja. Akakunja uso.

"Imekaa mno."

"Mama, kunywa tu."

"Bibi angeirudisha."

"Basi irudishe! Wewe ndiye mgeni."

Kikongwe akafikiri. Kisha mgongo wake ukanyooka, kidevu kikapanda, na kutoka kinywani mwake ikatoka sauti ambayo Kimlan hakuwahi kuisikia, sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kuosha hata kijiko. "Ipeleke. Niletee nyingine."

"Samahani, Bibi," Kimlan alijibu, akainuka, akaenda kumwaga chai dirishani, akarudi, akapiga magoti tena, akamimina tena. Teng aliziba mdomo, na haikujulikana analia au anacheka.

Chai ya pili Mama aliinywa yote, taratibu. Akaweka kikombe. Akaunganisha mikono, akainama kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye ule ufa wa mlango, akasema kwa Kijapani cha utotoni mwake kwamba ametunzwa vyema, kwamba amekaa sana, kwamba sasa anaomba kuaga.

Ukatoka mlio kwenye kabati. Mlio mdogo wa chuma.

Walipogeuka, kufuli lilikuwa wazi na ndala za kitambaa zilikuwa zimeshuka juu ya jiwe. Ila vidole vyake vilikuwa vimeelekea ndani. Zimesimama pale kama mtu asiyejua aende wapi. Kimlan alingoja. Nyenje walikuwa wamenyamaza tena. Kikongwe kwenye kiti alianza kupumua kwa kukwaruza, kila pumzi fupi kuliko iliyotangulia.

Kimlan hakungoja zaidi. Akaenda kwenye jiwe, akapiga magoti, goti moja halafu la pili, akazishika ndala kwa mikono miwili, akazifuta vumbi kwa aproni yake, akazigeuza zitazame mlango wa mbele.

Nyenje wakaanza kuimba.

Mama alivaa ndala zake, akapita mlango wa mbele katikati ya nguzo, kashikwa huku na huku, na pumzi haikukatika. Akashuka ngazi moja moja kama malkia mwenye baridi yabisi. Walimpandisha kwenye baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu ya Teng, na Teng akakanyaga pedali kwa nguvu ambazo mwenyewe hakujua bado anazo.

"Dada," alisema akihema, njia ya sokoni. "Zile ndala. Si nyumba iliyozigeuza, ni wewe."

"Ulitaka tukae mpaka Krismasi ya Wazungu?"

"Nasema tu."

"Endesha, Kaka."

Kwenye daraja Kimlan alimwinamia mama yake sikioni, akamwambia kama inavyopasa: Mama, tunavuka maji, usibaki, tufuate. Na kwenye kona: Mama, tunakata kushoto. Na mlangoni: Mama, umefika kwako.

Bongchi alikufa kesho yake kabla ya chakula cha mchana, ukumbini kwake, mbele ya vibao vya mababu, pumzi yake ya mwisho ikiwa ndani ya kuta zake. Mwanawe wa kiume aliyeko kaskazini aliwahi kufika, jambo ambalo lenyewe lilikuwa muujiza. Neno lake la mwisho lilikuwa kwa Kimlan: "Ile ya pili ilikuwa nzuri." Jina lake, Bongchi, sasa liko kwenye kibao, na roho yake inajua njia ya kurudi kula.

Matanga yalipokwisha, Kimlan alikumbuka chupa ya chai ya Teng. Aliijaza chai mpya, akachukua na vibakuli vya mkate wa mchele kwenye sinia, maana shukrani haiendi mikono mitupu, akaenda. Sinia lilikuwa zito na ngazi za mbele ni nyingi. Mlango wa jikoni ulikuwa karibu, uko wazi. Akavua kandambili zake za kijani kizingitini, akaingia.

Walikula pamoja barazani, wakimtania marehemu, wakicheka. Teng alikuwa amerudia tambuu yake. Kisha Kimlan akainuka kwenda kufungua kibanda.

Kizingiti kilikuwa kitupu.

Aliangalia chini ya meko kwanza, ingawa hakuwa na haja. Kisha akatembea peku hadi kwenye kabati. Kufuli lilikuwa limefungwa. Nyuma ya kioo, kwenye rafu ya chini kabisa, kandambili za kijani zilikuwa zimelala sambamba, safi, hazina tope hata chembe. Teng alisimama nyuma yake. Hakutoa ufunguo.

"Zilikuwa zimechakaa," Kimlan alisema. "Nilikuwa nitanunua nyingine."

Akataka kutoka kwa mlango wa mbele. Ulikuwa umekwama, Teng aliuvuta, akaupiga teke, akasema unyevu wa mwezi wa saba huvimbisha mbao. Kimlan akatoka kwa jikoni. Kizingiti kilimwachia, kama kilivyomwachia binti mmoja siku ya ngoma.

Alikwenda peku mpaka kibandani, lami ikimchoma nyayo, akiwatania waliomwuliza kama ameanza mazoezi. Mchana ulikuwa mzuri, wateja wengi. Alikuwa anamimina mchuzi kwa mama mmoja mwenye haraka, akimwambia kitunguu saumu hakimzuii mume ila humpunguza mwendo, na mama yule alikuwa anacheka, wakati kengele ilipolia.

Ndogo, ya shaba. Ilitoka sebuleni, upande wa pili wa geti, kule ambako kengele haina ulimi.

Hakuna mwingine aliyegeuka.

"Naam," Kimlan alijibu kabla hajajua kwamba amefungua mdomo. "Naja."

Na akaweka kata ya mchuzi chini.